Baba Amekubali Kila Kitu

Taichung, 11 Machi

Dada Peiyin,

Najua jina lako sasa ni Chengru, na kwamba watawa wenzako watacheka wakiliona hili la nyumbani juu ya bahasha. Nivumilie. Ulinibeba mgongoni ukiwa Peiyin, sitaweza kulizoea jina jipya kwa siku mbili. Nivumilie na mwandiko pia. Ninyi ndio mlioikataa simu huko mlimani, basi someni mparuro wa kuku.

Mama mzima, na ulimi wake mzima zaidi. Nyumba ndiyo mgonjwa. Ule ufa wa ukuta wa jikoni sasa unameza mkono wangu. Boriti iliyo juu ya kitanda chake imeliwa na mchwa, ukiigonga inalia tupu. Msimu wa tufani hauko mbali, na kila mvua ikinyesha mimi silali, nangoja simu ya jirani. Nina chumba cha ziada hapa Taichung, kina dirisha, na jengo lina lifti. Nimemsihi ahamie. Jibu lake ni lile lile: "Baba yako hajakubali."

Tangu tumzike baba, mama hanunui hata ndoo bila kumuuliza. Anapiga magoti mbele ya kibao cha jina lake, anarusha zile sarafu zake mbili za dola kumi. Akiuliza habari ya kuhama, zinalala namba juu zote mbili: kakataa. Siku nyingine vichwa juu vyote viwili: anamcheka. Moja kichwa na moja namba, ile "ndiyo" ya wazi, haijatoka. Nilimwambia, "Mama, hizo ni sarafu tu." Akanijibu, "Na wewe ni mtoto tu. Sogea, unamzibia baba yako moshi wa ubani."

Sasa siri yangu. Tangu mwaka jana najifunza kiinimacho cha sarafu kwenye video. Usicheke! Kuna mwalimu haonyeshi uso, mikono yake tu juu ya kitambaa cheusi, anaongea polepole kama anayebembeleza paka. Nasimamisha, narudisha nyuma, natazama tena. Mke wangu anasema akifua suruali zangu mashine inalia kama kibubu. Lakini sasa naweza kubadilisha sarafu kiganjani mbele ya mafundi wenzangu wa viyoyozi, na wamekodoa macho, na hawaoni kitu.

Basi nikuulize wewe mtaalamu wa dhambi: kumdanganya mtu ili paa lisimwangukie, ni dhambi?

Ndugu yako,
Jiaxun


Puli, 19 Machi

Jiaxun,

Ulisahau kuigundisha bahasha. Mtawa wa mlangoni amesoma kabla yangu, na sasa huku kwetu hakuna asiyejua kwamba suruali zako zinalia.

Nimekuelewa. Unataka kumwambia mama kwamba serikali inakuja kubomoa nyumba. Usithubutu. Atakwenda ofisini mwenyewe na mwavuli wake, na atampiga nao karani asiye na kosa. Njia ya mwongo ni fupi, na mwisho wake huwa uko mlangoni kwa mtu mwingine.

Mpeleke kwanza akaondolewe mtoto wa jicho. Na kiinimacho chako mwonyeshe, atafurahi. Alikuwa hatuachi tupite bila kusimama penye wacheza viinimacho wa hekaluni.

Kuhusu baba, mimi sina la kumuuliza. Siku niliyonyoa nywele niwe mtawa alinigeuzia kiti, akafa kiti bado kimegeuka. Nimejifunza kukaa na hilo.

Chengru (Peiyin wako)


Xiluo, 7 Aprili

Mwanangu,

Peiyin, sikia habari hii. Baba yako amekubali!

Tulirudi kutoka kusafisha kaburi, jua kali, mimi nimechoka. Jiaxun akasema, "Mama, leo nirushe mimi, ndimi mwana wa kiume." Nikastaajabu. Kijana huyu hata ubani huuwasha jicho moja likiwa kwenye simu. Nikampa sarafu zangu. Akazifunika kwa viganja, akaomba kwa maneno mazuri mpaka nikaona haya nilivyokuwa nikimsema, akarusha. Kichwa na namba. Nikamwambia, rudia, baba yako si mtu wa kukubali mara moja. Kichwa na namba. Na mara ya tatu vilevile, kama desturi inavyotaka. 

Lakini nimechanganyikiwa, mwanangu. Wewe unamjua. Mtu aliyebishana nami juu ya chumvi ya supu kila jioni aliyokula supu yangu, leo anakubali kuiacha nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, bila hata kununa? Kifo kinamlainisha mtu kiasi hicho?

Jiaxun alinyoosha mkono azikusanye sarafu, nikamwahi. Nimezifunga kwenye karatasi nyekundu, nimezitia kwenye droo chini ya chetezo. Sarafu zilizoleta neno kama hili hazirudi sokoni kununua mboga.

Alipoondoka, nilizitoa tena nikapiga magoti peke yangu. Nikauliza la kwako. Nikasema, "Shuimu, umemsamehe binti yako kwa kunyoa nywele?" Kichwa na namba. Mara tatu, Peiyin. Amekusamehe.

Mama yako


Puli, 12 Aprili

Mama yangu mpenzi,

Huku tunafundishwa tusitikiswe na habari njema wala mbaya. Nimeshindwa. Barua yako niliisomea bustanini, katikati ya kabichi, nikalia hadi mkuu wetu akaja kuuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, kuna mtu amenisamehe.

Sikujua nilikuwa na uzito wa namna ile mpaka uliponitoka. Hama, mama. Mwambie Jiaxun alete gari hata kesho.

Peiyin


Taichung, 13 Aprili

Dada,

Imekuwa! Na pia haijawa. Acha nikueleze, maana hapa nilipo kichwa kinaniuma.

Kwenye duka la vifaa vya kiinimacho nilinunua sarafu mbili za bandia. Moja ina kichwa pande zote mbili, ya pili ina namba pande zote mbili. Umeona? Zirushe utakavyo, zianguke zitakavyo, ni kichwa na namba tu. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kazi yangu ilikuwa kupokea za mama, kuzibadilisha kiganjani, kurusha, kisha wakati wa kuziokota nibadilishe tena nimrudishie zake. Nimefanya mazoezi mpaka vidole vikaota sugu.

Kubadilisha kwa kwanza kulitoka laini kama siagi. Lakini yule mwalimu wa video hukaa mezani. Zile sarafu za kweli anaziangusha mapajani, na mwisho anaziokota mapajani. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, dada! Mapaja ya mtu aliyepiga magoti ni mteremko. Zikaporomoka zote mbili hadi chini ya meza ya madhabahu. Nikawa natafuta njia ya kuinama kwa heshima nizichukue, mara mama kashanyakua zile za bandia na kuzibusu. Video haikunifundisha kushindana na mama.

Sasa anazo, na zile zake nilizookota baadaye ninazo mimi. Jicho lake halioni vizuri, hatagundua. Si amekubali kuhama? Basi yameisha. Wewe nyamaza tu.

Jiaxun


Puli, 20 Aprili

Jiaxun,

Nilisoma barua yako nikasimama. Nikaisoma tena nikakaa chini.

Hujui ulichokifanya. Kwa sarafu zako hizo mama alimuuliza baba habari zangu, na baba akanisamehe. Nimeishi siku kadhaa nikiwa mtu aliyesamehewa. Nilikuwa nikifagia ua huku naimba, mimi, nisiyejua kuimba. Ungenipiga kofi ningekusamehe upesi zaidi.

Nina hasira na wewe, na nina aibu ya kuwa na hasira, na sijui lipi nianze kuliombea. Haya ni yangu. Lakini mama anazo sarafu zisizojua kukataa, na ana miaka mingi ya maswali. Nenda ukazichukue. Mwambie ukweli kabla hajauliza jambo ambalo hataweza kulirudisha.

Chengru


Xiluo, 4 Mei

Mwanangu,

Usishangae kwa wino kuchuruzika. Nimelia juu ya karatasi, na sina nyingine.

Kuna jambo sikuwahi kuwaambia ninyi. Kila Jumatano baba yenu alikwenda Douliu. Alisema anafuata vipuri vya pampu. Pampu gani ile inayoharibika kila Jumatano? Alikuwa akirudi ananukia sabuni ambayo si yetu. Sikumuuliza hata mara moja, kwa sababu nililiogopa jibu. Nilifua mashati yake nikanyamaza, naye akaenda kaburini na Jumatano zake.

Juzi nikasema, sasa huyu mzee amekuwa mpole, ananijibu vizuri, acha nimuulize. "Shuimu, kule Douliu palikuwa na mwanamke?" Kichwa na namba. Nikarudia. Nikarudia. Ndiyo mara tatu, bila kusita, kama ninayemuuliza kama anataka chai!

Tangu siku hiyo sielewi kitu. Nilimuuliza kama amekula, ndiyo. Kama ana njaa, ndiyo. Kama ananisikia, ndiyo. Kama amekuwa kiziwi, ndiyo. Shangazi Wu wa jirani anasema labda huko aliko amechanganyikiwa. Mimi nasema hapana. Mume aliyefumaniwa hukubali kila kitu. Umewahi kumwona? "Ndiyo mke wangu, kweli mke wangu, unavyotaka wewe." Ndivyo alivyo sasa, na mimi nilidhani ni upendo.

Picha yake nimeigeuza iangalie ukuta. Wali simwekei. Na kuhama sihami tena! Kibao chake sikibebi hadi Taichung kikapande lifti kama cha mtu mwema. Wala sikiachi hapa peke yake, aje huyo wa Douliu kumchomea ubani ndani ya nyumba yangu. Nitakaa hapa nimlinde, huku simsemeshi.

Wewe unayesali usiku na mchana, nijibu. Kwa nini baba yako anakubali kila kitu?

Mama


Puli, 9 Mei

Jiaxun,

Mama amegeuza picha ya baba iangalie ukuta. Anaamini baba alikuwa na mwanamke Douliu, na sarafu zako ndizo zilizomwambia. Hahami tena. Atakaa chini ya boriti ile ile ili kumchunga marehemu.

Ameniuliza swali, na nimeweka nadhiri ya kutosema uongo. Kunyamaza naweza, lakini si kwa muda mrefu, kwa sababu kunyamaza nako, mbele ya mama anayelia, kunaanza kuwa uongo. Nenda mwenyewe. Nataka litoke kinywani mwako, si kwenye kalamu yangu.

Na unisamehe kwa ukali wa barua iliyopita. Sijautoa wote, lakini nimeupunguza.

Chengru


Taichung, 16 Mei

Dada,

Nimekwenda. Afadhali nisingekwenda.

Nilifika akiwa sokoni, nikaona heri yangu: nitabadilisha sarafu kimyakimya, nirudishe zake, na baba ataanza kukataa kama kawaida, mambo yatulie. Nikafungua droo. Mkono uko ndani, mama huyu hapa mlangoni na kikapu cha vitunguu.

"Unatafuta nini kwa baba yako?"

"Mama, sarafu hizi usiziamini."

Akanitazama hadi nikasahau jina langu. "Usiziamini? Kwa nini nisiziamini? Kumbe ulijua!"

"Nilijua nini?"

"Habari ya Douliu! Ulijua, na unakuja kuiba ushahidi. Mwana wa nyoka ni nyoka! Mlikuwa mnakwenda wote?"

"Mama, mimi Jumatano nilikuwa shule!"

"Na baada ya shule?"

Dada, nilikuwa na miaka tisa. Nilifungua kinywa niseme habari za video, nikaona hata nikisema hataelewa, kwani niliyoanza kuyasema hayakuwa na mwanzo wala mwisho hata masikioni mwangu. Kiinimacho, duka, mapaja, mteremko. Akanifukuza na kitunguu nyuma yangu. Kilinipata.

Kabla sijaondoka nilichungulia chumbani. Kipande cha dari kimeanguka juu ya mto wake. Amekung'uta vumbi tu, akaulalia. Naogopa, dada. Nilitaka kumtoa chini ya paa lile, sasa nimempigilia misumari pale. Mimi siwezi tena, kila nikisema nazidisha. Mjibu wewe. Mwambie yote, hata akinikana.

Jiaxun


Puli, 21 Mei

Mama yangu,

Uliniuliza kwa nini baba anakubali kila kitu. Sitakueleza kwa maneno, kwa sababu vidole vyako vitakueleza vizuri zaidi.

Zitoe zile sarafu kwenye karatasi nyekundu. Usizirushe. Shika moja peke yake, ipapase upande huu, igeuze, ipapase upande wa pili. Kisha shika nyingine, ufanye hivyo hivyo. Wewe uliyekuwa unatambua mchele mpya na wa zamani gizani kwa kuusugua, hili halitakushinda.

Ukishajua, mpigie simu Jiaxun. Mwache aseme mpaka mwisho, hata akibabaika. Alikosea sana, na alikosea kwa kukuogopea. Hilo halifuti kosa, ila ulijue.

Na lile la mimi kusamehewa, mama, nimeelewa kwamba halikutoka kwa baba. Usihuzunike kwa ajili yangu. Nilihuzunika mwenyewe ya kutosha.

Peiyin


Xiluo, 30 Mei

Mwanangu,

Nilizipapasa. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni na sarafu moja huku na moja kule, nikacheka, kisha nikalia, kisha sikujua ninafanya lipi. Shangazi Wu aliingia akadhani nimepagawa.

Nilimpigia simu ndugu yako. Akaja na macho mekundu, akapiga magoti sebuleni, akasema yote, na nikamwacha amalize kama ulivyoomba. Kisha nikampa kofi moja. La kudanganya mama. La kumtia baba yake maneno mdomoni nilitaka kumpa la pili, lakini mkono haukutaka tena. Nikamwambia, "Nionyeshe." Akanionyesha mezani, na kweli sikuona kitu. Ana mikono mizuri, mpumbavu yule. Amerithi ya baba yake.

Alipokwenda nikachukua sarafu mbili za kawaida kutoka kwenye pochi yangu. Nikapiga magoti. Picha nikaigeuza, tukatazamana. Nilikuwa na swali moja tu, unalijua. Nikainua mikono.

Na hapo, Peiyin, nikajiona. Zikisema ndiyo, nitalia. Zikisema hapana, sitaamini. Zikicheka, nitazirusha tena mpaka zinipe ninachokiogopa. Alipokuwa hai sikumuuliza, na sasa amekufa sina mwingine wa kumuuliza. Basi. Sijui kulikuwa na nini Douliu, na nitakufa sijui, na inaniuma, nakwambia wazi inaniuma. Lakini nimefua mashati yake na nimemzalia ninyi, na hakuna sarafu itakayonisimulia maisha yangu upya. Nikazirudisha kwenye pochi, jioni nikanunua nazo tofu.

Sasa sikia na la kwako. Baba yako sikumuuliza tena kama amekusamehe, wala sitamuuliza. Siku uliponyoa nywele, mimi nami nilikaa kimya nyuma ya kiti chake, na kimya changu hukunihesabia. Mimi ndiye niliyezisuka nywele zile tangu utotoni. Nakwambia mimi, niliye hai: zilikuwa zako. Kula vizuri huko mlimani.

Shangazi Wu anasema kibao cha marehemu hakihamishwi bila ruhusa yake, lazima kurusha, lazima kuuliza. Nimemwambia nimemwomba Shuimu ruhusa tangu nikiwa bibi harusi, hata ya kununua sufuria, na imetosha.

Sikurusha chochote. Nilimwekea wali, maana alikuwa hajala muda mrefu, nikasimama mbele yake, sikupiga magoti. Nikasema, "Shuimu, Jumamosi Jiaxun analeta gari. Mimi nahamia Taichung. Ukitaka kuja, nitakupakata mwenyewe. Hutaki, baki hapa na mchwa."

Sikungoja jibu. Nilikuwa na vyombo vya kufunga.

Mama yako,
Jinluan